Mita 60 Kuanzia Wapi?

Mvua inayonyesha juu ya Milima ya Matogoro, mashariki ya mji wa Songea, hugawana njia tatu. Inayoangukia upande mmoja huingia Mto Ruvuma na kufuata mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Ya upande wa pili huingia Luegu, ikaenda Luwegu na kisha Rufiji, na siku hizi huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kufika baharini. Upande wa tatu ni wa Ruhila, mto mdogo unaopita pembeni mwa mji. Maji yake huishia Ruhuhu na Ziwa Nyasa, na kutoka ziwani hushuka kwa Mto Shire mpaka Zambezi.

Nilikwenda Songea kwa ajili ya mlima huu, na hasa kwa ajili ya watu wanaolima chini yake. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake, na matatu kati ya hayo tisa yanapakana hapa: Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo makao yake yako Mtwara, Bonde la Rufiji, lenye makao Iringa, na Bonde la Ziwa Nyasa, ambalo wakubwa wake wanakaa Tukuyu. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kunywa maji ya mabonde yote matatu kabla jua halijazama. Ila kanuni atakayoikuta kila kijitoni ni ileile: usilime, usijenge, usifyatue tofali ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mto Ruvuma kule chini ambako mamba wanaota jua, mita 60. Kijito unachokivuka bila kukunja suruali, mita 60.

Kijana wa bodaboda aliyenibeba kuelekea Chuo cha Ualimu Matogoro aliniuliza kama nakwenda kupima. Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Mgeni mwenye begi anayeulizia njia ya mtoni, kwa watu wa huku, ni mpima au ni mtu wa fidia, na wote wawili huwa na daftari. Nami daftari nilikuwa nalo.

Ilikuwa kiangazi kimeshika. Songea ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei hivi, na baada ya hapo mashamba ya juu hubaki mabua. Huu ni mkoa wa mahindi, na mwezi wa Agosti mazungumzo ya kila kibanda cha chai ni bei ya kilo na foleni ya malori kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini ukishuka bondeni unakuta nchi nyingine. Kando ya Ruhila palikuwa kijani tupu: chainizi, matembele, kabichi, mahindi mabichi yaliyofika kiunoni, miwa, magimbi yenye majani mapana yaliyojipanga kando ya mitaro midogo iliyochimbwa kwa jembe la mkono. Watu walikuwa wanamwagilia kwa keni, mbili mbili, wakichota kisimani. Mmoja alikuwa na pampu ya mafuta, na mlio wake ulisikika bonde zima.

Mama niliyemkuta akifunga mafungu ya matembele alikuwa wa umri wa mama yangu mdogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa bonde au wa manispaa?”

“Si wa popote, mama. Ni mwandishi.”

“Afadhali. Kaa hapo, ila usikalie mche.”

Nilipotaja mita 60 hakunijibu. Alimwita kijana wake alete kamba, ile wanayonyooshea matuta, iliyofungwa vijiti huku na huku. Wakaanza kupima mbele yangu, bila mimi kuomba. Kutoka ukingoni, urefu wa kamba mara ya kwanza, tukawa katikati ya kabichi. Mara ya pili, mwisho wa kabichi. Kufika kama mita 40 sehemu tambarare ikaisha, tukaanza kupanda mteremko wenye udongo mwekundu na mawe madogo. Tulipofika mahali ambapo kwa hesabu yao ni mita 60, tulikuwa nyuma ya jiko la jirani, na mbwa wa jirani akatutaka tujieleze. Ng’ambo ya mto hali ni hiyohiyo. Ukichukua mita 60 huku na mita 60 kule, bonde zima limekwisha. Hakibaki kitu cha kuitwa bonde la kulima.

“Sasa,” akasema, “serikali inaniambia nirudi pale juu nilime kwenye mteremko. Nikilima pale kiangazi, maji nitapandisha kwa kichwa. Nikilima masika, mvua ikija, udongo unakwenda wapi?”

Alionyesha mto kwa kidevu.

Hapo ndipo hoja ya wakulima wa huku ilipo, nami naiona ina uzito kuliko inavyosikika kwenye mikutano ya hadhara, ambako wanageuzwa kuwa watu wasiopenda mazingira. Mashamba ya tambarare ya bondeni yana nyasi, mitaro na udongo mzito. Hayamwagi udongo mwingi. Mteremko ndio unaoutiririsha. Sheria inayomtoa mkulima mahali palipotulia na kumpandisha mahali panapoporomoka inaweza kuutia mto tope zaidi ya lile ililokuja kulizuia. Katika mto mpana wenye kingo za mchanga zinazomeguka, mita 60 zina maana. Katika bonde jembamba kama hili zinafanya kinyume.

Halafu kuna suala la kipimo chenyewe. Mwezi wa Machi Ruhila hupanda na kulala juu ya nusu ya shamba la huyu mama. Septemba hurudi kwenye mfereji wake. Sheria inasema ukingo wa mto. Nilimuuliza ukingo uko wapi. Akasema inategemea mpimaji amekuja mwezi gani, na kwamba wapimaji hupenda kuja kiangazi kwa sababu ya viatu vyao.

Tena si shamba la kuchezea. Mahindi ya juu huvunwa mara moja kwa mwaka, na pesa yake huja ikiwa imeshakopewa. Bonde ndilo linalotoa shilingi za kila wiki kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza. Ndilo linalolipa michango ya shule Januari. Ndilo linalonunua mbolea ya mahindi ya juu, hata sasa ambapo kuna mbolea ya ruzuku iliyorudi msimu wa 2022/2023. Ruzuku inapunguza bei, haiiondoi. Mfuko wa kupandia unalipiwa kwa mafungu ya matembele.

Namba 60 haikuanza jana. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliitaja ndani ya maelezo ya ardhi hatarishi, pamoja na mikoko, ardhi oevu na miteremko mikali, na utaratibu wake ulitaka Waziri atoe tangazo na watu wa eneo husika wapewe nafasi ya kusema neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, ndiyo iliyokaza uzi. Kifungu cha 57 kinakataza ndani ya mita 60 za ufukwe, ziwa, ukingo wa mto au bwawa shughuli yoyote ya kudumu, au ambayo kwa asili yake inaweza kuathiri uhifadhi wa mahali hapo. Ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, ikazipa bodi za mabonde kazi ya kulinda vyanzo na kutoa vibali vya kutumia maji. Kwa hiyo tuna bodi tisa kwa sababu tulikubali kwamba Pangani si Rukwa na Rukwa si Ruvuma, kisha tukazikabidhi zote kamba ya urefu mmoja.

Ila kifungu hichohicho cha 57 kina kifungu kidogo cha pili ambacho watu wengi hawakifikii wanaposoma. Kinampa Waziri uwezo wa kutoa mwongozo wa namna ya kuendesha shughuli za binadamu ndani ya eneo hilo. Yaani mlango upo ndani ya ukuta. Na wakubwa wenyewe wamewahi kuugonga. Januari 2019, Rais John Magufuli alipoagiza vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi visiondolewe, aliwataka pia mawaziri waipitie upya sheria ya vyanzo vya maji na hizo mita 60, ili kama inawezekana irekebishwe isiwaumize wakulima na wafugaji. Kule bondeni habari ile wanaikumbuka vizuri, na kila mtu anaikumbuka kwa namna inayomfaa. Mmoja aliniambia Rais alifuta mita 60. Hakufuta.

Majirani zetu wamepita njia tofauti. Kenya, katika kanuni zake za rasilimali za maji za 2007, iliufanya ukanda wa mto ufuate upana wa mto wenyewe: usipungue mita 6, usizidi mita 30 kila upande. Uganda, katika kanuni za 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, iliorodhesha mito mikubwa na kuipa mita 100, mingine yote ikabaki na mita 30. Sisemi kwamba Nairobi na Kampala mambo yamenyooka. Kila mtu ameona majengo yaliyoota ndani ya mito yao. Nasema tu kwamba mto mdogo na mto mkubwa ilitambuliwa kuwa si kitu kimoja.

Mbali zaidi, Nyuzilandi, ambako ng’ombe ni wengi kuliko watu, serikali ilitoa kanuni za taifa za maji baridi mwaka 2020, zikiwamo za kuweka mifugo mita 3 kutoka mito iliyozidi upana wa mita 1. Wakulima waliingia barabarani na matrekta Julai 2021, wakilalamika kwamba ramani ya miteremko iliyoambatana na kanuni hizo, iliyochorwa mjini, haiwezi kujua mteremko wa shamba la mtu, na mwaka 2024 serikali iliyofuata ikaiondoa ramani ile ya miteremko. Nilipomsimulia mama wa matembele kwamba kuna nchi wanagombana kwa mita 3, alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nisiwapake wakulima mafuta. Nilipokuwa natoka bondeni niliona chupa ya dawa ya wadudu, tupu, imenasa kwenye mizizi ya matete, lebo yake bado inasomeka. Hatua chache juu yake kijana alikuwa anasuuza bomba la kupulizia, na maji yale, meupe kama ya mchele, yaliingia Ruhila bila haraka. Kabichi na nyanya za mabondeni hupigwa dawa sana, wakati mwingine kila wiki. Ruhila ndio mto uliowekewa bwawa la kuchotea maji ya mji wa Songea. Anayenunua kabichi sokoni Jumamosi anaweza kuwa amekunywa dawa yake Ijumaa.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, mwalimu mstaafu alinipa upande wa pili bila kupunguza. Amekaa mjini tangu ujana wake, na anasema mto aliokuwa akiogelea sasa mtoto anavuka na soksi. Yeye hataki kusikia habari ya kulegeza. “Ukimpa Mtanzania mita 30 atalima mpaka 10,” alisema. Akanitajia Ruaha Mkuu. Hapo nilinyamaza, kwa sababu Ruaha ni hoja nzito: mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikata maji kiangazi ndani ya hifadhi, baada ya mashamba ya mpunga na mifugo kujaa Usangu juu yake. Hata hivyo, Ruaha haukukatwa na matembele ya mita 20 kutoka ukingoni. Ulikatwa na mifereji iliyoyachukua maji mtoni. Kipimo cha umbali hakioni mfereji. Hakioni pampu pia: yule jamaa mwenye pampu ya mafuta angeweza kulima mita 80 kutoka mtoni, akawa msafi mbele ya kamba, na bado akavuta maji kuwazidi wamwagiliaji wote wa keni kwa pamoja. Anachohitaji yeye ni kibali cha maji, na wengi wa aina yake hawana.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba wakulima wenyewe, ukikaa nao, ni wakali kuliko sheria mahali fulani. Kwenye chemchemi hawataki mtu kabisa. Mzee mmoja wa upande wa Matogoro alisema pale maji yanapotokea ardhini mita 60 ni chache, ziwe 100, na mwenye kukata mti pale atozwe mbuzi. Wanataka milingoti iliyopandwa mabondeni ing’olewe, kwa sababu inakunywa, na mahali pake ipandwe mivengi na mizambarau. Wanachoomba kilegezwe ni huku chini, penye vijito, na wanaomba kwa masharti: ukanda wa nyasi na matete ubaki kando ya maji, pasiwe na tofali za kuchoma, pasiwe na pampu. Dawa waliitaja mwisho, kwa sauti ya chini kidogo.

Kutoka Songea nilipanda basi kwenda Mbinga, kiasi cha kilomita 100 za lami, kupitia Peramiho na misheni yake ya Wabenedikto iliyoanza 1898. Nilitaka kuona ngoro. Wamatengo wanaishi kwenye milima mikali ambayo mtaalamu yeyote wa udongo angeikatia tamaa, na wamelima huko kwa zaidi ya karne moja. Wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima uonekane umechorwa miraba, kisha wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo. Kufyeka na kulaza ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufukia ni ya wanawake, na anayejua jembe ataona nani kapewa mzigo. Mvua ikija hakuna maji yanayoteremka. Kila shimo linashika yake, linayanywesha mlima polepole, na kijito cha chini kinapata maji hata miezi ya ukavu. Zamani ukoo ulishika ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima kuanzia kileleni hadi vijito viwili vinavyouzunguka, msitu juu, ngoro katikati, kahawa na nyumba chini. Ni bonde dogo la maji lenye bodi yake, isipokuwa bodi hiyo ilikuwa babu na wanawe.

Wakati Wamatengo wakiendelea na mashimo yao, Waluguru wa Morogoro walipelekewa amri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye Milima ya Uluguru ili kulinda udongo na mito inayoshuka kwenda chini. Udongo wa juu pale ni mwembamba. Ngazi zilifukua udongo mbichi, mahindi yakadumaa, na wakulima wakaona wamefanyishwa kazi ya bure. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Amri ikaachwa. Lengo la kulinda mito lilikuwa sahihi kabisa. Kipimo kilitoka mahali pengine.

Mbinga nilikaribishwa na mume na mke wenye kahawa chini na ngoro juu. Kijito chao kina upana wa meza ya kulia chakula. Mikahawa iliyopandwa na baba wa mume iko hatua kumi na tano kutoka majini, imeshikilia ukingo kwa mizizi, na kwa mujibu wa kifungu cha 57 ni shughuli ya kudumu isiyotakiwa pale. Kisha mume akanipandisha njia ya ng’ambo kunionyesha mtambo wa kumenyea kahawa, uliojengwa mbali na kijito kuliko mita 60, bila shaka yoyote. Kutoka mtamboni, mtaro uliochimbwa vizuri unashuka moja kwa moja mpaka majini. Haukuwa msimu wa kilele, lakini matabaka ya maganda meusi yalikuwa bado kwenye mtaro, na harufu ya kuchacha ilitufikia kabla hatujauona. Majitaka hayo yana vifungu vyake vya sheria, tena vikali. Aliyekuja na kamba, alisema, alipima umbali wa mtambo, akaridhika, akaondoka.

Nilimuuliza angepewa kalamu ya huo mwongozo wa Waziri angeandika nini. Hakusita. Kijito kama hiki, mita 10 za nyasi na miti ya asili, mikahawa ya zamani ibaki, mipya isiongezwe. Mto mkubwa, mita 60 zibaki au ziongezwe. Watu wa bonde waje Machi na waje tena Septemba, ndipo waweke vigingi. Na wanaopima wapime pia kinachomwagwa.

Mkewe, aliyekuwa anachambua maharage muda wote huo bila kuinua uso, akasema yeye pale kwenye chemchemi ya juu hataki mwongozo, anataka sheria ileile ya serikali na mita zake zote. Mume akashangaa: kwani chemchemi si ya ukoo? Ndiyo maana, akasema. Mita za serikali hakuna shemeji anayeweza kuja kuziuza usiku. Mkiachiwa ninyi mpange upana wenyewe, mtakaokaa kikao ni wanaume, na atakayetembea mbali zaidi na ndoo ni mimi. Mume akasema hayo ni mambo ya nyumbani, hayaingii kwenye mwongozo wa Waziri. Mke akamwambia yaanze kuandikwa hayo, kabla ya hiyo kahawa yake.